Sumukuvu Huwashwa na Nini?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika, Unyambwa, Manispaa ya Singida)

 

Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Bioteknolojia na Mkulima". Hiyo ni mada ya muhula mzima chuoni, nami nimepewa saa moja kabla ya chakula. Kwa hiyo nimeamua kuchukua jambo moja tu ambalo linatuhusu sisi wa kanda ya kati moja kwa moja, nalo ni sumukuvu. Wengi wenu mmeshasikia neno hilo redioni au kwa bwana shamba: nafaka ikiota kuvu, ina sumu. Hilo ni kweli lakini halitoshi, kwa sababu kuna nafaka yenye kuvu isiyo na sumu, na kuna nafaka inayong'aa ambayo ina sumu. Kamati inayotaka kutumia fedha za mradi vizuri inapaswa kujua tofauti hiyo inatoka wapi.

Naomba nianze na mtama, maana hapo wote ni wataalamu. Wafugaji waliomo humu wanajua kwamba mtama ukiwa mchanga, au ukichipua upya baada ya kuvunwa, unaweza kuua ng'ombe. Mnyama anaingia shambani akiwa na njaa, anakula machipukizi, na baada ya muda mfupi anahema kwa shida, anatetemeka na kuanguka. Hatari huzidi mvua inapokatika na mtama ukasimama bila kukua. Lakini punje za mtama huo huo ndizo ugali wetu na uji wa watoto wetu. Je, ni mimea miwili tofauti? Hapana, ni mmea mmoja wenye vinasaba vilevile katika jani na katika punje. Jani changa linatengeneza kemikali ambayo, likitafunwa, hutoa sayanidi. Kemikali hiyo hutengenezwa kwa hatua chache kutoka katika moja ya vijenzi vya kawaida vya protini, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Katika jani changa, hasa penye ukame, maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo husomwa sana. Katika punje iliyokomaa hayasomwi.

Hiyo ndiyo habari yenyewe ya jeni na udhibiti wake, na nikiishia hapo mtakuwa mmepata nusu ya mada. Jeni ni maelekezo. Kila seli hubeba maelekezo yote, lakini haiyasomi yote kwa wakati mmoja. Mbegu iliyomo kwenye kihenge ina maelekezo ya mzizi, ya jani na ya suke, lakini imekaa kimya hadi maji yaifikie. Kinachoamua lipi lisomwe na lini ni swichi, yaani protini maalumu zinazoshika sehemu fulani ya vinasaba na kuamuru kazi ianze au isianze. Swichi hizo nazo husikiliza hali ya nje: joto, maji, chakula, mwanga, mashambulizi ya wadudu.

Sasa twende kwenye kuvu. Jina lake la kitaalamu ni Aspergillus flavus, kuvu ya rangi ya kijani inayoelekea njano, na makao yake ya kawaida ni udongo na mabua yanayooza. Ina jeni zaidi ya 12,000. Kati ya hizo, takriban 30 zimepangwa pamoja, zimekaa jirani kama nyumba za ukoo mmoja, na kazi yao ni kutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili ndiyo sumukuvu. Huanza na vipande vidogo sana vya kaboni ambavyo kuvu imevipata kwa kula wanga na mafuta ya punje yetu. Kimeng'enya kikubwa cha kwanza huviunganisha vipande hivyo kuwa mnyororo, kingine huukunja, kingine huongeza oksijeni, kingine hukata, na kuendelea, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa mstari inatoka sumu. Moja ya bidhaa za mwanzo ina rangi ya chungwa iliyokolea, na rangi hiyo iliwasaidia sana watafiti: kuvu ambayo mashine yake imekatika mapema huonekana kwa macho, kwa kuwa bidhaa hiyo hurundikana badala ya kusonga mbele. Lakini sumu yenyewe, ndugu zangu, haina rangi inayoonekana kwa macho, wala harufu, wala ladha.

Katika kundi hilo la jeni 30 kuna moja ambayo haifanyi kazi ya mkono hata kidogo. Yenyewe ni msimamizi. Inaitwa aflR. Protini yake hushika mwanzo wa jeni nyingine za kundi na kuziamuru zianze kazi. Ukiiharibu aflR, zile nyingine zipo zote, lakini sumu haitoki. Juu ya aflR kuna wasimamizi wakubwa zaidi, kama ile iitwayo laeA iliyogunduliwa mwaka 2004, ambao husimamia makundi mengi ya namna hii katika kuvu.

Jambo ambalo nawaomba mlishike ni hili: kustawi kwa kuvu na kutoa sumu ni mambo mawili. Maabara imeonyesha kwamba kwenye nyuzi joto 37 kuvu hii hukua vizuri sana, lakini jeni za sumu karibu zote zinanyamaza. Ukiishusha hadi karibu nyuzi 30, inakua bado, na jeni zile zinawaka. Aina ya chakula pia ina nguvu: sukari na wanga huchochea, ilhali aina fulani za naitrojeni hupunguza. Na mmea ulioteseka kwa ukame ni karamu kwa kuvu, kwa kuwa ulinzi wake umedhoofika na punje zimepasuka au zimetobolewa na wadudu.

Sasa ulinganishe na kalenda yetu hapa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na kila mkulima wa Singida anakijua kile kiangazi kidogo kinachoingia katikati, mara nyingi Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele au yanajaza punje. Jua linachoma, udongo una joto, upepo unapeperusha vumbi lenye mbegu za kuvu. Hivyo mahindi huweza kupata maambukizi yangali shambani, kabla hatujayagusa. Kisha tunavuna, tunayamwaga chini, mvua ya mwisho inayaloanisha, tunayafunga kwenye viroba yakiwa hayajakauka, na kazi iliyoanzia shambani inamalizikia ghalani. Kwa maoni yangu semina nyingi zimelaumu ghala peke yake na kuliacha shamba.

Ulimwengu uliijua sumu hii kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na baadaye mashudu ya karanga ya huku kwetu Afrika Mashariki nayo yalionekana kuua vifaranga vya bata. Tangu hapo tumeendelea kujifunza kwa njia ya misiba. Mwaka 2004 katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 walifariki. Mwaka 2016 msiba ukafika kwa majirani zetu: Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara. Zaidi ya watu 60 waliugua, macho yakageuka manjano, matumbo yakavimba, na wapatao 20 walifariki. Chakula chao kilikuwa mahindi waliyoyalima wenyewe. Chemba tunapakana nayo.

Hao ni wale waliokula kiasi kikubwa kwa siku chache. Wengi wetu tuko katika kundi jingine, la wale wanaokula kidogo kidogo kwa miaka. Hapa pia kuna habari ya vimeng'enya, safari hii vya kwetu wenyewe. Sumu ikiingia mwilini, ini hujaribu kuishughulikia. Kimeng'enya kimoja cha ini huigeuza kuwa kitu kikali zaidi ambacho hujishika kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu. Kimeng'enya kingine hukiwahi kile kitu kikali na kukifunga ili kitolewe. Panya mdogo wa maabara ana kile cha pili kwa wingi, ndiyo maana anavumilia kuliko sisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na ini ndilo linaloumia. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B akila sumukuvu, hatari kwake huongezeka mara nyingi kuliko mwenye moja tu kati ya hayo mawili. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wachanga wa Tanzania wanapata tangu mwaka 2002, ni sehemu ya vita hii, na akina mama msiikose. Kuhusu kudumaa kwa watoto, wataalamu bado wanabishana kiasi gani kinatokana na sumukuvu na kiasi gani na njaa na kuhara. Mimi sitaki tutumie hoja ambayo haijakamilika wakati ini peke yake linatosha.

Alizeti yetu haijapona. Watafiti walipochukua sampuli kwa wakamuaji wadogo katika mikoa mbalimbali mwaka 2014 na 2015, baadhi ya mbegu za Singida zilikutwa na zaidi ya mikrogramu 200 za aflatoksini kwa kilo. Kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Tukikamua, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu, na mashudu anakula ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe naye huibadilisha sumu kidogo na kuitoa katika maziwa. Nalisema hili kwa sababu tuna vikundi viwili vya akina mama vilivyoomba fedha, kimoja cha kukamua alizeti na kingine cha ng'ombe wa maziwa, na katika maombi yao hakuna neno hata moja kuhusu kukausha mbegu.

Sasa tufike kwenye matumizi. Kama sumu ina swichi, je, mtu anaweza kuizima?

Wajapani waliizima bila kujua. Kwa karne nyingi wamekuwa wakitumia kuvu iitwayo Aspergillus oryzae kuchachua mchele na maharage ya soya, wakapata pombe yao ya mchele na mchuzi wa soya. Mwaka 2006 chama chao cha wataalamu wa uchachuaji kiliitangaza kuwa kuvu ya taifa. Vinasaba vyake viliposomwa mwaka 2005 ilithibitika kwamba ni ndugu wa karibu kabisa wa kuvu yetu yenye sumu. Ina kundi lile la jeni za aflatoksini, lakini baadhi zimeharibika na zilizobaki hazisomwi. Wazee wale walikuwa wanachagua chachu nzuri, mwaka hata mwaka, na kuitupa mbaya. Leo kuvu hiyo hutumika pia viwandani kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga, kwa kutumia swichi nyingine inayowaka kuvu inapokutana na wanga. Penisilini nayo hutengenezwa na kundi la jeni za kuvu kwa utaratibu wa aina hii hii. Kuvu za viwandani zina nakala kadhaa za kundi hilo, ndiyo maana hutoa dawa nyingi kuliko kuvu ya porini. Kwa hiyo tusiogope neno "jeni" kana kwamba ni jambo la kigeni lililoletwa juzi.

Njia iliyotufikia sisi ilianzia jangwa la Arizona, Marekani, kwa wakulima wa pamba. Mbegu za pamba zilikuwa na aflatoksini, nazo ndizo chakula cha ng'ombe wa maziwa. Mtafiti wa serikali, Peter Cotty, aliona kwamba katika udongo uleule kuna kuvu za Aspergillus flavus ambazo hazitoi sumu kamwe. Moja, iliyopewa jina AF36, ilipochunguzwa ilikutwa na kosa la herufi moja tu katika jeni ya kile kimeng'enya kikubwa cha kwanza. Herufi hiyo moja inaifanya seli isome "simama" katikati ya maelekezo. Kimeng'enya hakikamiliki, mnyororo hauanzi, na sumu haitoki. Mengineyo yote iko sawa: inakua, inazaa, inagombea chakula. Akaitawanya shambani mapema, kabla kuvu zenye sumu hazijaongezeka, ikawahi nafasi. Mwaka 2003 AF36 ilisajiliwa rasmi kwa matumizi ya pamba.

Kazi hiyo ikahamia Afrika kupitia IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao Ibadan, Nigeria, pamoja na watafiti wa Marekani. Bidhaa inaitwa Aflasafe. Kila nchi ina yake, kwa sababu kanuni yao ni kutumia kuvu za hapo hapo nyumbani: zinakusanywa kutoka mashamba ya nchi husika, zinachunguzwa, na zinachaguliwa nne ambazo kundi la jeni za sumu limevunjika au halipo kabisa. Kenya ilisajili yake mwaka 2015. Ya Tanzania, Aflasafe TZ01, ilisajiliwa mwaka 2018. Na mbebaji wake ni nani? Ni mtama. Punje za mtama zinachomwa ili zisiote, zinapakwa mbegu za kuvu nzuri na rangi ya buluu ili zitambulike. Mkulima anatawanya kilo 4 kwa ekari, kwa mkono, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu nzuri inakula ule mtama, inazaliana, inapanda na upepo. Katika majaribio ya nchi mbalimbali, mavuno yalikuwa na sumu pungufu kwa asilimia 80 na zaidi, kuanzia shambani hadi ghalani.

Baadhi ya wafadhili wetu wameuliza kwa barua kama hii ni GMO. Jibu ni hapana. Hakuna jeni iliyohamishwa wala kukatwa. Ni uchaguzi wa kuvu zilizokwishavunjika zenyewe porini, kama walivyochagua Wajapani, ila kwa kutumia maabara. Njia ya uhandisi jeni ipo pia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza mahindi yaliyowekewa maelekezo ya kutengeneza ujumbe mfupi unaoingia ndani ya kuvu na kuinyamazisha ile jeni ya kimeng'enya cha kwanza. Mahindi hayo yalipoambukizwa kuvu, sumu haikuonekana katika vipimo. Kisayansi ni kazi safi sana. Lakini hapa nchini majaribio ya mahindi ya GMO, ambayo yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 kwa ajili ya ukame, yalisitishwa kwa amri ya wizara mwaka 2018, na mwaka 2021 waziri alipiga marufuku majaribio ya aina hiyo. Sioni sababu ya kamati kukaa zikijadili mahindi yasiyouzwa dukani wakati yale ya kiroba yako chini sakafuni.

Wala msinielewe vibaya kwamba Aflasafe ni muujiza. Ukipanda kwa kuchelewa, ukavuna kwa kuchelewa, ukamwaga chini, unajiharibia mwenyewe. Pia haizuii kuvu nyingine zenye sumu nyingine. Na inahitaji fedha taslimu katikati ya msimu, wakati ambao mkulima hana hata shilingi ya kununua chumvi.

Kuhusu bajeti

Maombi yaliyofika ofisini kwetu kuhusu jambo hili karibu yote yanataka kipimo cha sumukuvu. Naelewa, kipimo kinapigwa picha, na mfadhili hupenda picha. Lakini hebu tufanye hesabu. Punje mbaya kabisa za karanga zilizowahi kupimwa zilikuwa na zaidi ya mikrogramu milioni moja kwa kilo. Punje moja ya namna hiyo, yenye uzito wa nusu gramu, ina mikrogramu 500. Iweke katika gunia la karanga la kilo 50, na gunia zima limefika mikrogramu 10 kwa kilo, yaani kwenye kikomo. Sasa mtu anachota kikombe kimoja juu ya gunia na kukipima. Uwezekano wa kuipata punje ile ni mdogo mno, naye ataandika "salama". Kupima kunataka kuchota sehemu nyingi, kusaga pamoja, kuchanganya, ndipo kupima. Kazi hiyo ina wenyewe, kama Shirika la Viwango, na inafaa kwa ghala linalouza nje. Mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumukuvu. Wafanyabiashara waliohangaika mpakani walijua thamani ya cheti. Kwa usharika, mimi nitaweka fedha kwanza kwenye turubai za kuanikia, kisha mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, kisha Aflasafe kwa vikundi, na kipima unyevu kimoja kwa sharika kadhaa. Penye uhaba, chupa kavu na chumvi kavu vinatosha: weka mahindi na chumvi kidogo, tikisa, acha itulie, chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishwe juani.

Kuchambua kwa mikono ni kazi ya akina mama na watoto, na haithaminiwi, ingawa hupunguza sumu nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa sumu hukaa katika punje chache: zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi. Unga wa lishe unahitaji uangalifu wa pekee. Tunachanganya mahindi, karanga na nafaka nyingine kwa nia njema, na karanga na mahindi ndiyo mazao mawili yanayoshikwa zaidi. Mtama na uwele kwa kawaida huwa na nafuu. Kikundi cha lishe kinachonunua karanga zilizokwisha kusagwa sokoni hakijui kinanunua nini. Karanga zinunuliwe nzima, zichambuliwe, ndipo zisagwe.

Maswali ya wajumbe

Mama mmoja wa kamati ya lishe aliuliza kama ugali ukipikwa sana sumu inakufa. Nilijibu kwamba haifi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na sumu hii inahitaji zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike. Kukoboa hupunguza, kwa maana sehemu kubwa iko kwenye pumba na kiini, ingawa sembe nayo inapoteza virutubisho vilivyomo kwenye dona. Ndiyo maana ni afadhali kuanza na mahindi mazuri.

Mzee wa kanisa aliuliza: yaliyochambuliwa kama mabovu, si tuwape kuku, au tupikie pombe? Kuku, bata na bata mzinga ndio waliotuonyesha sumu hii kwa kufa kwao. Ng'ombe atairudisha kwenye maziwa. Pombe ya kienyeji nayo hubaki na sehemu ya sumu, na mnywaji ana ini lilelile. Yafukiwe.

Kijana wa kikundi cha alizeti aliuliza jirani asipotawanya Aflasafe itakuwaje. Kuvu haijui mpaka. Yako nzuri itamfaidisha kidogo, na yake mbaya itakufikia kidogo. Kwa hiyo ni bora mashamba yanayopakana yafanye pamoja, na kwa sababu hiyo ofisi haitapokea ombi la mtu mmoja mmoja, bali la kikundi chenye mashamba yaliyo karibu.

Swali la mwisho liliulizwa na mweka hazina wa usharika mmoja, naye alilileta kwa aibu kidogo. Sadaka ya mavuno inapoletwa, wengine huleta debe la mahindi yale ambayo hata nyumbani yamekataliwa. Usharika unayachanganya na mengine, unapiga mnada, na mnunuzi mara nyingi ni mjane au mtu wa hali ya chini kwa sababu bei ni nafuu. Afanye nini? Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa yote tuliyoyasema asubuhi hii, debe moja baya likichanganywa na manne mazuri yanakuwa matano mabaya. Kwa hiyo mahindi ya sadaka yasichanganywe mlangoni. Yapokelewe kwenye turubai, yachambuliwe na wajumbe wawili mbele ya aliyeyaleta, yapimwe kwa chupa ya chumvi, na yasiyofaa yaandikwe na kufukiwa bila kumtaja mtu. Mchungaji mwenyeji alisema utaratibu huo utaanza hapa Unyambwa mavuno yajayo, na ofisi imekubali kutoa turubai mbili. Sharika nyingine zinazotaka zilete barua, pamoja na majina ya vikundi vya Aflasafe na ukubwa wa mashamba yao kwa ekari, kabla ya mwisho wa Septemba, ili oda itoke mvua zisijatuwahi.